Nilivyobebwa Mutara

Wazee walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Kwangu mimi mambo yamekwenda kinyume. Mwezi uliopita tulimwosha Mwamini nyumbani kwake Biryogo, hapa Kigali, mimi nikiwa upande wa kichwa, na nilipokuwa nammiminia maji nikawaza: huyu anaondoka na aibu yangu mimi. Alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu. Angeweza kukuchamba kuanzia juu Nyamirambo mpaka bondeni bila kuvuta pumzi, na tuligombana mara nyingi, magomvi ya kurushiana mikasi, lakini hata siku moja hakunirushia lile. Baada ya maziko binti yake alinishika mkono pale mkekani. "Mama mdogo, tuambie za Mutara. Mama alikuwa akianza tu anacheka, anasema hizo ni za Sauda, mkamuulize mwenyewe." Wanawake wote wakageuka kunitazama. Nikasema nimechoka, nina kichwa. Nikajisikia nikisema nina kichwa, na hata kule mambo yalianza hivyohivyo.

Ilikuwa mwaka wa tisini, miezi ya mwanzo, vita bado havijaingia. Mimi na Mwamini tulikuwa mafundi cherehani, wasichana ambao hatujaolewa, na cherehani zetu mbili zilitazamana katika chumba kidogo hata magoti yetu yaligongana tukishona. Dirisha lilifungukia uchochoroni, na ng'ambo ya uchochoro palikuwa na mama mmoja aliyepika, na madereva wa malori ya ng'ombe walikula kwake. Hatukuwaona, tuliwasikia. Wao ndio walioletea bucha za Biryogo ng'ombe kutoka Mutara, kaskazini huko ambako nchi yetu ya milima inachoka kupanda na kujilaza, na kila mchana tulikula chapati na maharage yetu tukiwasikiliza wakitambiana nani alikwama zaidi kwenye tope. Siku moja mmoja akasema, "Kule mwanamke anavaa nguo moja mpaka nguo yenyewe imuage. Duka liko wapi?" Mwamini akasimamisha cherehani. "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia nini, shona. "Pasaka inakuja, Sauda. Wakatoliki wale watavaa nini?" Mimi nilicheka. Wiki ile ile alikuwa ameshaongea na dereva, na mimi nikamfuata, kama nilivyomfuata katika kila jambo la akili maishani mwangu.

Lori lilipanda tupu, na sisi nyuma tulikalia majani yaliyonuka ng'ombe wa safari iliyopita. Lami ilikwisha, ikaja barabara ya vumbi, na ile ya vumbi nayo ikafika kwenye senta moja yenye maduka machache na dispanseri ya masista, ikakoma pale. Mbele ya hapo ilikuwa Mutara yenyewe. Sisi wa Kigali tumezoea kilima mbele ya pua. Kule macho yanakwenda mpaka yanachoka, majani tupu na miti ya miiba, na njia ni zile walizochora ng'ombe kwa kwato, na ng'ombe hana haraka ya kwenda sokoni kwa hiyo njia zake hazina haraka pia. Ukimuuliza mtu kwa fulani ni mbali, anainua kidevu na kusema, "Hapo tu." Hapo tu yao ilitutoa asubuhi ikatufikisha jua likizama. Tulitembea na mafurushi ya magauni yetu ya kuuza kichwani, mara nyingine mtu wa baiskeli alitusaidia mzigo, na mabondeni kwenye mafunjo tulivushwa kwa mtumbwi wa gogo. Tulilala kwa watu. Yeyote alitupokea. Nyumba za majani, ndani giza linalonukia moshi na samli, vyombo vya maziwa vimepangwa kwenye jukwaa lao kwa heshima kuliko sahani za harusi. Tulitandikiwa nyasi mpya, tukapewa maziwa, na kabla ya kulala tuliwasikia wenyeji upande wa pili wa ukuta wa matete wakinong'ona habari zetu. "Ni Waswahili hao. Wa Biryogo." "Wanauza kwa haki?" "Mpaka sasa, kwa haki."

Hilo neno lazima nilieleze. Kwa watu wa mashambani siku hizo, Mswahili hakuwa tu Mwislamu wa mjini. Alikuwa mjanja, mtu wa maneno, anayekuuzia mbuzi wako mwenyewe. Mwamini lilimuuma sana. Alikataa kupunja hata kipande cha uzi, na mwanamke akirudisha gauni linalombana, alikaa chini palepale kulifumua. "Wakisema Waswahili ni waongo," aliniambia, "wasiseme kwa sababu yangu." Hakuongeza, "wala kwa sababu yako." Siku hizo nilikuwa bado sijampa sababu ya kuliongeza.

Sasa viatu. Loo, viatu vile! Vyeusi, vya ngozi, vyenye kisigino kifupi na kifungo pembeni, nilivinunua mjini na vilikuwa vidogo kwa mguu wangu, lakini muuzaji alisema vitatanuka nami nilitaka kuamini. Mwamini alitembea na kambambili. Kwenye safari ya tatu, ile ya Pasaka, ambayo iliangukia ndani ya Ramadhani na ndani ya masika, nikavivaa. Dereva mmoja kijana alinisifia navyo, sitaki kusema mengi. Mwamini alinitazama miguu kabla hatujapanda lori. "Hivyo vitakukula," akasema, na hakurudia. Tuliuza vizuri, magauni yote yakaisha, na tulibaki na mwendo wa siku moja kurudi barabarani ili lori litufikishe nyumbani kabla ya Idi. Asubuhi ile, kwa mama mmoja anaitwa Mukamana, nikajaribu kusimama nikashindwa. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, visigino vimechubuka mpaka nyama. Nikaona haya kusema ni viatu. Mwenyeji amezaa watoto wanane na kutembea nchi ile yote peku, nimwambie viatu vimeniuma? Nikavificha chini ya kitenge. Nikasema, "Siwezi kutembea. Nina kichwa, nina homa." Nilikuwa nimekaa karibu na moto, na Mukamana aliponigusa paji la uso lilikuwa la moto kweli.

Biryogo ukisema una homa, wanakwambia pole, kunywa chai, lala. Mimi nilidhani nitalala. Mukamana akatoka uani, akasimama kwenye kichuguu, akapaza sauti upande wa bonde. Nikasikia sauti ya mwanamume ikijibu kutoka mbali, na nyingine ikijibu hiyo. Nikamuuliza Mwamini anaita nini. Hajanijibu, wanaume wakaanza kuingia uani mmoja mmoja, wengine na majembe mkononi, mmoja na fimbo ya kuchungia, na wawili wa mwisho walibeba ingobyi, ile machela ya matete yaliyosukwa inayofungwa kwenye miti miwili mirefu. Mahali pasipo na gari, hiyo ndiyo gari. Kila nyumba ya kilima, ndivyo wanavyoita kijiji hata kwenye tambarare, ina zamu ndani yake, na wakiitiwa mgonjwa, jembe linaachwa palepale shambani. Kiongozi wao alikuwa Gashumba, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyejua Kiswahili kidogo kwa kukata miwa Uganda. Akaniinamia. "Mama, usiogope. Sisi tunafikisha wewe barabarani." Hapo ndipo ningesema. Ningesema baba, ni viatu, nisamehe, nitafutieni kambambili. Mpaka leo naweza kuyapanga maneno hayo, ni machache. Lakini ua ulikuwa umejaa watu walioacha kazi, na Mwamini ananitazama, na Mukamana anakunjua shuka lake pekee anifunike. Nikapanda.

Kubebwa na watu ni jambo la ajabu. Unaona anga tu, na pembeni bega la mtu linalotoa jasho kwa ajili yako. Walikuwa wanane, wanne chini ya miti na wanne pembeni, wakibadilishana bila kusimama, na mbele yao Gashumba alitangulia kutangaza: "Mgonjwa! Mgonjwa!" Kila tuliyekutana naye njiani alifanya jambo lilelile. Hakuuliza mgonjwa ni wa nani. Aliweka mzigo chini, akaingia chini ya mti, akanibeba hatua zake, kisha akarudi kwenye mzigo wake. Mzee aliyekuwa anapeleka ndama alifanya hivyo. Mwalimu mwenye baiskeli alifanya hivyo, amevaa koti. Na wanawake walitoka mbele ya nyumba zao na maziwa. Bibi mmoja akachungulia ndani ya machela, akauliza kwa sauti ya huruma kabisa, "Inauma wapi, mwanangu?" Nami, astaghafirullah, nikaguna. Niliguna kama mtu anayekata roho. Halafu nikanywa maziwa yake. Mwamini alikuwa anatembea ubavuni na furushi langu juu ya furushi lake, midomo imemkauka kwa saumu, maana alikuwa amekataa ruhusa ya msafiri. Akanifinya mguu kupitia shuka, kwa makucha. "Umezidisha," akanong'ona. "Guna kidogo basi."

Siwezi kukana kwamba tulicheka. Mimi chini ya shuka, yeye akijifanya anakohoa. Nilikuwa na miaka ishirini, jua limetulia baada ya mvua, na nilikuwa naanza kuona kwamba mambo yangu yamenyooka. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, na katika nchi hii nimeona mambo ambayo mtu akiyaweka kando ya malengelenge ya msichana ataniambia nikae kimya. Nakubali. Mara nyingi nimekaa kimya kwa sababu hiyohiyo. Lakini nimegundua kwamba aibu haina adabu ya kusubiri zamu yake. Mambo makubwa yananiliza. Hili dogo linaniamsha.

Tulifika kwenye bonde la mafunjo mchana. Maji yalikuwa yamepanda kwa masika na mtumbwi ulikuwa mmoja tu, mwembamba, unaochukua machela moja na wanaume wawili. Mvushaji alikuwa ng'ambo ya pili. Tulipokuwa tunamsubiri, kutoka kwenye njia nyingine ya ng'ombe ikaja machela nyingine. Wabebaji wake walikuwa wanne tu, hawana wa kubadilishana, mabega yamevimba, mmoja anatokwa na damu shingoni. Pembeni yao alitembea mama mkwe wa mgonjwa wao, ameshika kisu cha mundu na majani ya dawa. Ndani alilala mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua tangu jana yake. Sikumwona uso. Niliona mkono mmoja umekamata ukingo wa machela, na vidole vikifunga na kufunguka. Hakupiga kelele hata kidogo, wanawake wa kule hawapigi kelele, ni aibu kwao. Wanaume wakasalimiana, wakauliza hali kwa adabu kama vile hakuna haraka. Kisha mama mkwe akauliza, "Wa kwenu na wa kwetu, nani amezidiwa?"

Ndiyo desturi. Mtumbwi unapokuwa mmoja, aliyezidiwa anatangulia, na wabebaji wa mwenzake wanamfuata huyo. Gashumba alikuja akapiga goti kando yangu, akasogeza mdomo karibu, na akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo pale ukiacha Mwamini hakuna aliyeijua. "Mama. Wewe iko namna gani? Sema mimi tu." Nimeyatafakari maneno hayo kuliko aya yoyote niliyofundishwa madrasa. Alinifungulia mlango na kuulinda kwa mgongo wake ili nitoke bila mtu kuniona. Na mimi nilisikia Mwamini akisema, "Sauda," kwa sauti ya chini, "Sauda, shuka." Nikawaza bibi wa maziwa. Nikawaza yule mwalimu mwenye koti. Nikawaza wanaume wanane wakirudi kila mmoja kwake na kusema, Waswahili bwana, si tuliwaambia? Nikafumba macho. Nikasema, "Kichwa." Gashumba akainuka na kuwaambia wenzake, "Wetu atangulie."

Wakaniweka mtumbwini. Mvushaji alisukuma mti wake polepole kati ya mafunjo, na kila nilipofumbua macho niliona ndege wadogo wakining'inia kwenye nyuzi za mafunjo, na mimi ndani yangu nikisema rudi, rudi, sasa hivi sema rudi. Tulipogusa ukingo wa pili wakanishusha kwenye nyasi. Nikageuka nikaangalia tulikotoka. Yule mama mkwe alikuwa amepiga magoti kando ya machela yao, ameinua mikono yote miwili kuuelekezea mtumbwi, akiuita kwa viganja kama mtu anayeita kuku. Hapo nikasimama. Nilisimama kwa miguu yangu, viatu mkononi, shuka la Mukamana limeanguka kwenye tope, mbele ya watu wote wa ng'ambo hii na ile. Nikapiga kelele, "Mimi ni mzima! Mchukueni yeye, mimi ni mzima!" Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesonya. Mvushaji aligeuza mtumbwi bila kunitazama akarudi kuichukua machela nyingine, na ile safari ya kwenda na kurudi, ambayo mimi niliila, ilikuwa ndefu. Walipovuka, waliokosa nafasi wakiogelea huku wameshika ukingo wa mtumbwi, walimwinua wote pamoja, watu wanane wa kwangu na wanne wa kwake, wakaondoka mbio. Kwa muda nilisikia tangazo la Gashumba, "Mgonjwa! Mgonjwa!" halafu sikulisikia tena.

Mwamini alipovushwa naye, tulijikokota mpaka nyumba ya kwanza, kwa bibi mmoja mjane. Nilikaa pale siku mbili na miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Chumba kilikuwa kidogo, mbuzi wawili ndani, na ukutani kalenda ya zamani ya kanisa. Bibi alitupikia ugali wa mtama na mchicha, hakuuliza kitu. Mwamini naye hakunisema. Ningependa angenisema. Alifuturu, akaswali, akanifunga visigino kwa vipande vya kitambaa kilichobaki kwenye gauni la Pasaka, pinki, chenye maua. Mara moja tu, akiwa anakaza fundo, aliniambia, "Huenda wamewahi." Nikasema, "Huenda." Tukashikilia neno hilo kwa siku mbili.

Asubuhi ya siku ya tatu nikasikia nyayo nyingi uani. Nilidhani wamekuja kunipiga, na Mungu anajua nilifarijika. Walikuwa Gashumba na watu wa kilima chake, na mabegani walikuwa na machela. Nilitoka nikapiga magoti mlangoni. Nikauliza kwa Kinyarwanda, ili wote wasikie. Gashumba alijibu kwa Kiswahili. "Mama iko. Dawa ya masista imemsaidia. Mtoto Mungu alichukua." Nikauliza ni lini, njiani au palepale. "Mlangoni pa dispanseri," akasema. Nikasema, "Baba, ni mimi. Ni ule mtumbwi." Akasema, "Hiyo mimi hapana jua. Wewe hapana jua. Panda." Sikumwelewa. Alionyesha machela. "Panda. Kilima yetu ilisema itafikisha mgeni barabarani. Bado haijafika."

"Mimi si mgonjwa, baba. Mnajua mimi si mgonjwa."

"Tunajua tangu kwa Mukamana. Mtu ya homa haishiki kitenge yake miguuni namna ile." Hakusema kwa hasira. "Sisi tuliitwa, tukakuja. Kama kila mtu anapimwa kwanza, siku moja mgonjwa ya kweli atakufa tukipima. Panda, mama, jua inapanda."

Nilimwangalia Mwamini aniokoe. Alikuwa anafunga mafurushi, amenipa mgongo. Nikapanda. Nilijifunika uso, na Gashumba akalifunua lile shuka, taratibu, akasema mgonjwa hafunikwi uso, watu watafikiri ni maiti. Basi nikabebwa hivyo, uso wazi, mchana kweupe. Watu walitoka kama walivyotoka mwanzo. Wakauliza kama walivyouliza mwanzo, na Gashumba akajibu kwamba bado, bado hajafika, na maziwa yakaletwa, na nikayanywa kwa sababu sikuwa na haki tena ya kukataa kitu chochote.

Karibu na barabara tulimpita mwanamume mmoja aliyekuwa anakwenda upande uleule, amebeba kikapu cha chakula kichwani na kitenge kilichokunjwa vizuri. Nilimtambua kwa kidonda cha shingoni. Alikuwa mmoja wa wale wanne, shemeji wa yule mama, anampelekea mgonjwa wake chakula kwa masista. Nilitaka wampite haraka. Lakini alisikia "Mgonjwa!" nyuma yake, akageuka, akaniona. Alinijua. Tulitazamana, na mimi sikuangusha macho kwa sababu nilikuwa nimelala chali na sikuwa na pa kuyaangushia. Akashusha kikapu, akampa Mwamini akishike. Akakunja kitambaa, akakiweka juu ya kile kidonda, akamgusa mgongoni yule aliyekuwa bega la mbele ili ampishe, na akaingia chini ya mti.